Mto Unaokimbilia Kwenye Barafu

Mto Red wa Kaskazini huanzia mpakani mwa majimbo ya North Dakota na Minnesota, nchini Marekani, pale mito miwili midogo ya Bois de Sioux na Otter Tail inapokutana. Kutoka hapo hupita Fargo, hupita Grand Forks, huvuka mpaka wa Kanada, hukata jiji la Winnipeg na kuishia Ziwa Winnipeg. Safari yote hiyo, ya zaidi ya kilomita 800, inaelekea kaskazini. Shida zake zote zinatokana na hilo.

Machi inapokaribia kwisha na jua kuanza kupata nguvu, theluji ya kusini ndiyo inayoyeyuka kwanza. Maji yanafurika Fargo wakati huko mbele, upande wa Winnipeg, mto bado umefunikwa na barafu ngumu. Yanayoshuka yanakuta njia imezibwa. Barafu inavunjika vipande, vipande vinasombwa na kurundikana kwenye mapinda na chini ya madaraja, na nyuma ya rundo hilo mto unazidi kujaa. Pembeni nako hakuna mlima wala kilima cha kuyazuia maji. Bonde zima ni sakafu ya ziwa la kale, Agassiz, lililotokana na kuyeyuka kwa barafu kuu ya Amerika Kaskazini maelfu ya miaka iliyopita. Limelala sawasawa kiasi kwamba mto hushuka karibu sentimita kumi tu kwa kila kilomita. Maji yakishavuka ukingo hayakimbii popote, yanatandaa.

Sisi tuliozoea masika tunategemea mafuriko mvua inaponyesha. Kule, mvua ya mafuriko ya Aprili imekwishanyesha tangu Novemba na Desemba ikiwa theluji, ikakaa juu ya ardhi. Kwa hiyo wataalamu wana nafasi ambayo watu wa Tana au Rufiji hawana: wanaweza kuyapima maji ya mafuriko miezi kadhaa kabla hayajawa mafuriko. Ndege ndogo za serikali ya Marekani huruka mita 150 hivi juu ya mashamba zikipima mionzi ya gama inayotoka kiasili kwenye udongo. Maji huipunguza mionzi hiyo, yawe theluji au barafu. Ukipima mstari mmoja kabla theluji haijaanguka, kisha ukaupima mstari huohuo katikati ya majira ya baridi, tofauti ya vipimo viwili inakupa kiasi cha maji yaliyolala pale.

Naliweka jambo hili mwanzoni kwa sababu msingi wake ndio msingi wa sura nzima. Kipimo kimoja hakikuambii kitu. Viwili, vya mahali pamoja kwa nyakati mbili, ndivyo vinavyosema.

Majira ya baridi ya 1996 kuingia 1997, dhoruba za theluji zililipiga bonde hilo moja baada ya nyingine. Gazeti la Grand Forks Herald lilikuwa likizipa majina, na ya mwisho ikaitwa Hannah. Ilipiga kati ya tarehe 5 na 7 Aprili, watu wakiwa tayari wanapanga viroba vya mchanga kandokando ya mto. Kwa wiki kadhaa Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitabiri kwamba kilele cha mafuriko pale Grand Forks kingekuwa futi 49, yaani karibu mita 15. Mji mzima ukaishika namba hiyo. Matuta yakainuliwa kufikia futi 52 ili zibaki futi tatu za tahadhari, na watu wakaamini wamemaliza kazi.

Mto ulipanda hadi futi 54.35, karibu mita 16.6. Kati ya tarehe 18 na 19 Aprili matuta yalizidiwa mtaa baada ya mtaa. Karibu wakazi wote wa Grand Forks, mji wa watu elfu hamsini na ushei, wakahama pamoja na wenzao wa East Grand Forks ng'ambo ya mto. Tarehe 19 moto ukazuka katikati ya mji uliojaa maji, na magari ya zimamoto yakawa hayawezi kuufikia kwa sababu ya kina. Majengo 11 yaliteketea yakiwa yamesimama ndani ya mafuriko.

Lawama ziliwaangukia waliotabiri. Kwa maoni yangu, namba ile haikuwa na kosa kubwa kuliko namba nyingine za aina yake. Kosa lilikuwa kuisambaza peke yake. Kila utabiri wa mto una upana wake wa kukosea, na upana huo haukutajwa kwa uzito uleule wa futi 49. Mwenye nyumba akasikia futi 49, akapima tuta lake, akalala. Tutakutana na tatizo hilihili tutakapofika kwenye picha za setilaiti, kwa sababu nazo zina namna yake ya kukosea, na mpaka mwembamba wa buluu uliochorwa kwenye ramani unadanganya kirahisi kama namba iliyonyooka.

Mafuriko yaleyale yalipovuka mpaka kuingia Manitoba, Kanada ilikuwa na chombo ambacho hakikuwahi kutumika katika mafuriko makubwa namna ile ya mto huo: RADARSAT-1, setilaiti ya rada iliyorushwa Novemba 1995. Kamera ya kawaida inasubiri mwanga wa jua urudi kutoka ardhini. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe, kisha ikasikiliza yanayorudi. Mawimbi hayo yana urefu wa sentimita tano na kitu, yanapita kwenye mawingu bila taabu, na usiku kwao ni sawa na mchana. Tena hayatumwi wima. Yanatumwa kwa mshazari. Mtu akimulika tochi kwa mshazari kwenye kioo kilicholala mezani, mwanga unaruka kwenda upande wa pili na jicho lake haliupati. Maji yaliyotulia huyafanyia mawimbi ya rada jambo hilohilo. Udongo wenye mabonge, mabua, nyumba na miti hutawanya mawimbi kila upande, mengine yakarudi. Ndiyo maana katika picha ya rada nchi kavu hutoka ya kijivu na maji hutoka meusi.

Picha za Manitoba za mwishoni mwa Aprili 1997 zinaonyesha weusi uliotanda juu ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,800. Ndani ya weusi huo kuna vidoa vya kijivu: ni miji kama Emerson na Morris, iliyozungukwa na matuta pande zote. Winnipeg yenyewe iliokolewa na mfereji wa kilomita 47 uliochimbwa kati ya 1962 na 1968 kwa msukumo wa kiongozi wa serikali ya Manitoba, Duff Roblin, ambaye wakati ule alipingwa sana kwa gharama zake. Mfereji huo unayachepusha maji yakapita mashariki mwa jiji.

Ste. Agathe haikuwa na bahati hiyo. Kijiji hiki kilicho kusini mwa Winnipeg kilikuwa kimejikinga upande wa mto, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Usiku wa kuamkia 29 Aprili maji yaliingia kutoka magharibi, yakitokea mashambani.

Ili uelewe maji yalitoka wapi, itazame picha ya bonde hilo kwa karibu. Ardhi yake imegawanywa kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, na karibu kila mstari wa mraba ni barabara iliyoinuliwa juu ya shamba, ikiwa na mitaro kandokando na makalavati chini. Majira ya machipuko makalavati hayo mara nyingi yanakuwa yameziba kwa barafu. Theluji ya shamba inapoyeyuka, kila mraba unakuwa bwawa. Bwawa likijaa linamwagika juu ya barabara na kuingia mraba wa pili, halafu wa tatu, na maji yanasafiri namna hiyo kilomita nyingi bila kukanyaga mtoni. Kwenye picha, barabara zile huonekana ni wavu wa mistari myembamba juu ya maji, na hapo mistari inapokatika ndipo maji yanapopenya.

Kituo cha kupimia kina cha mto hakiwezi kukuambia habari hiyo. Kituo kimefungwa kwenye nguzo ya daraja. Kinajua maji yamefika wapi pale daraja lilipo, basi. Kinafanya kazi hiyo kwa usahihi wa sentimita na kila baada ya dakika chache, na hakuna setilaiti inayokikaribia kwa hilo. Lakini mafuriko yanayopita mashambani hayapiti darajani. Kwa miaka mingi tulipima mafuriko kwa nukta zilizotawanyika kwenye mstari wa mto, wakati mafuriko yenyewe ni eneo. Kuyaona yote kwa mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo, kulihitaji jicho lililo juu sana.

Jicho la kwanza la kazi hiyo lilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Baadaye lingeitwa Landsat 1. Wakati huo liliitwa ERTS-1. Tarehe 2 Oktoba 1972 lilipita juu ya St. Louis, mahali ambapo Mississippi na Missouri zinakutana, na kupiga picha ya mito katika hali yake ya kawaida. Hakuna aliyejua kwamba picha hiyo ingehitajika. Machipuko yaliyofuata Mississippi ilifurika, na pale St. Louis ikakaa juu ya kiwango cha mafuriko kwa siku 77. Tarehe 31 Machi 1973 setilaiti ilipita tena, anga ikiwa safi. Wanajiolojia wa Marekani walizilaza picha mbili pamoja, na kwa mara ya kwanza wakaweza kuonyesha mafuriko ya mto mkubwa kwenye mamia ya kilomita wakati maji bado yamesimama.

Picha zenyewe zilikuwa hafifu kwa vipimo vya leo. Nukta moja ilichukua mita 80 za ardhi, na setilaiti ilirudi mahali pamoja kila baada ya siku 18. Hata hivyo mbinu iliyotumika siku ile ndiyo tunayoitumia mpaka sasa: tafuta picha ya kabla, tafuta picha ya wakati wa mafuriko, kisha toa hii kwenye ile. Maji yaliyokuwepo tangu zamani ni mto. Yaliyoongezeka ndiyo mafuriko.

Kwa jicho la kawaida kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Mwezi wa Aprili Dakota haina majani mabichi. Mashamba ni udongo mtupu uliolowa, na maji ya mafuriko yamebeba udongo uleule. Kahawia juu ya kahawia. Pembeni kuna mabaki ya theluji, juu kuna mawingu, vyote vyeupe. Mtu anayetazama picha ya rangi za kawaida hajui kama doa jeupe mbele yake ni wingu linalopita au ni theluji ambayo kesho itaingia mtoni.

Ufumbuzi umo kwenye mwanga ambao macho yetu hayauoni. Mwanga wa infraredi iliyo karibu na rangi nyekundu humezwa na maji, hata yakiwa na tope kiasi, ilhali udongo na majani huurudisha. Ukienda mbele zaidi, kwenye infraredi ya mawimbi marefu kidogo, theluji na barafu nazo humeza mwanga, lakini mawingu ya matone ya maji yanaendelea kung'aa. Wataalamu huchukua mikanda hiyo isiyoonekana na kuipa rangi tunazoziona. Katika mpangilio mmoja unaotumika sana, maji hutoka buluu iliyokolea au meusi, mimea kijani kikali, udongo mtupu wekundu wa kahawia, theluji na barafu feruzi, na mawingu meupe. Mpangilio huo unaonyesha mara moja maji yalipo, na theluji iliyobaki inayosubiri kuwa maji.

Kifaa kilichoufanya mtazamo huu uwe wa kila siku ni MODIS, kilichobebwa na setilaiti za NASA zinazoitwa Terra, iliyorushwa Desemba 1999, na Aqua, iliyorushwa Mei 2002. Nukta yake nzuri kuliko zote ni mita 250, kwa hiyo haioni mtaa wala nyumba. Ila ilipita kila siku. G. Robert Brakenridge, aliyeanzisha Dartmouth Flood Observatory mwaka 1993 ili kuyafuatilia mafuriko ya dunia nzima, aliifanya MODIS kuwa chombo chake kikuu. Mafuriko ya Fargo ya Machi 2009, ambayo yalivunja rekodi ya mji huo kwa kufika futi 40.84, yalifuatiliwa kutoka angani siku hadi siku kila mawingu yalipofunguka.

Kuwa na picha kila siku si jambo dogo. Kilele cha mafuriko kinaweza kupita mji kwa saa chache, na barafu iliyorundikana inaweza kupasuka usiku mmoja. Mei 2001 mji wa Lensk, kwenye Mto Lena huko Siberia, uliharibiwa karibu wote baada ya barafu kuziba mto, na Urusi ikapeleka ndege za kivita kuilipua kwa mabomu. Mei 2013 barafu iliziba Mto Yukon karibu na Galena, Alaska, na karibu wakazi wote wa kijiji wakahamishwa. Baada ya Galena, Marekani ilianza kutengeneza ramani za barafu na mafuriko kwa kutumia VIIRS, kifaa kilichofuata MODIS, na kuzipeleka moja kwa moja kwa watabiri wa mito badala ya kuziacha kwa watafiti. Alaska ina faida moja ya kijiografia. Setilaiti hizi huzunguka kupitia karibu na ncha za dunia, kwa hiyo njia zake husongamana kadiri unavyokwenda kaskazini, na mahali kama Galena huonekana mara kadhaa kwa siku. Kwenye ikweta njia zimeachana. Sisi tunaonekana mara chache kuliko wao.

Tofauti hiyo ilijitokeza Aprili 2024. Tarehe 5 mwezi huo tuta la Orsk, mji wa Urusi kwenye Mto Ural, lilipasuka, na maji ya theluji iliyoyeyuka yakaingia majumbani. Wiki moja baadaye mto ulifika karibu mita 12 pale Orenburg, ilhali kiwango cha hatari ni mita 9.3. Ng'ambo ya mpaka, Kazakhstan iliwahamisha zaidi ya watu 100,000. Siku hizohizo masika ilikuwa imeshika Afrika Mashariki. Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji, Mto Tana ulikuwa ukipanda, na tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge la Tanzania kwamba watu 155 walikuwa wamekufa kutokana na mvua na mafuriko nchini.

Mafuriko mawili, moja la theluji na jingine la mvua, yalitazamwa na rada ileile ya Ulaya, Sentinel-1A. Ilikuwa peke yake. Pacha wake, Sentinel-1B, aliharibika Desemba 2021, na mwenzao wa tatu hakurushwa hadi Desemba 2024. Rada moja hurudi kwenye njia yake kila baada ya siku 12. Orenburg iko kaskazini kiasi cha kupata njia zinazopandana. Rufiji haina bahati hiyo. Na masika ndiyo wakati ambao kamera za kawaida hazioni kitu kwa mawingu, kwa hiyo uhitaji wa rada kwetu ni mkubwa kuliko kwao. Naamini nchi zetu zina haki ya kulisema hili waziwazi kwenye meza za kimataifa ambako ratiba za setilaiti hupangwa. Mlango upo: mkataba wa kimataifa wa vyombo vya anga na majanga makubwa, uliobuniwa na mashirika ya anga ya Ulaya na Ufaransa baada ya mkutano wa Vienna wa 1999, unairuhusu mamlaka ya maafa ya nchi yoyote kuomba picha bila malipo tangu 2012.

Rada nayo hudanganya, na inafaa kujua vipi. Theluji kavu huipitisha, lakini theluji inayoanza kuyeyuka huyameza mawimbi, na shamba lenye theluji chepechepe hutoka jeusi kama limefurika. Hili ni kosa la machipuko hasa, na limewahi kujaza ramani kwa maji ambayo hayapo. Upepo ukivuma, uso wa maji unapata viwimbi na weusi unapotea. Mahali penye miti iliyosimama majini, wimbi hugonga maji, likagonga shina, likarudi moja kwa moja kwenye setilaiti, na msitu uliofurika ukang'aa kuliko msitu mkavu. Hali ni hiyo kwa miti ya kingo za Mto Red, na ni hiyo kwa mikoko. Mchanga mkavu ulio laini nao hutoka mweusi, jambo ambalo mchoraji wa ramani za kaskazini mwa Kenya hapaswi kulisahau.

Dawa ya baadhi ya makosa haya ni ileile ya St. Louis. Kiwanja cha ndege ambacho ni cheusi leo kilikuwa cheusi pia mwezi uliopita, kwa hiyo si mafuriko. Msitu ambao umeng'aa ghafla haukung'aa Septemba. Ramani ya mafuriko iliyotengenezwa kwa picha moja tu mimi siiamini, hata ikiwa na nembo nzuri kiasi gani pembeni.

Lipo swali ambalo picha hailijibu kabisa, nalo ndilo la kwanza kwa mwenye nyumba: yamefika magotini au darini? Picha inatoa mpaka wa maji, haitoi kina. Kina hupatikana kwa kuulaza mpaka huo juu ya ramani ya miinuko ya ardhi, na hapo ubora wa ramani ya miinuko ndio unaoamua kila kitu. Kwenye bonde linaloshuka sentimita kumi kwa kilomita, kosa la mita moja ni sawa na kilomita kumi za mto. Ramani ya dunia nzima iliyotengenezwa kwa rada ya chombo cha Endeavour mwaka 2000 ina makosa ya mita kadhaa, kwa hiyo haifai kwa nchi tambarare namna ile. Bonde la Mto Red limepimwa upya kwa leza kutoka kwenye ndege. Mabonde yetu mengi bado yanategemea ramani ile ya Endeavour au dada zake.

Desemba 2022 NASA na shirika la anga la Ufaransa, CNES, walirusha SWOT, setilaiti inayopima kimo cha uso wa maji yenyewe kwenye mito yenye upana wa kuanzia mita 100. Hurudi mahali pamoja kila baada ya siku 21, kwa hiyo haitamwambia mtu ahame leo. Itakachotoa ni kumbukumbu ya jinsi mito inavyopanda na kushuka mahali ambapo hakujawahi kuwa na kituo cha kupimia, na hiyo kwa Afrika ni hazina.

Neno moja zaidi kuhusu Rufiji. Wakulima wa bonde lile wamelima mlau kwa vizazi, kilimo cha kwenye udongo unaoachwa na maji yakishapungua. Mafuriko ya kiasi ndiyo chakula chao. Malisho ya kingo za Mto Ob huko Siberia nayo huota kwa maji ya machipuko. Ramani inayopaka kila tone la ziada rangi ya hatari inawakosea watu hawa. Picha za miaka mingi zikiwekwa pamoja zinaweza kutenganisha maji ya kawaida ya kila mwaka na maji ya 2024, na tofauti hiyo ndiyo inayomfaa mkulima pamoja na mpangaji wa makazi.

Grand Forks ilijifunza kwa njia ngumu. Baada ya 1997 mji haukujenga upya palepale. Mitaa ya kandokando ya mto iliondolewa, matuta mapya yakajengwa mbali na maji, na katikati pakaachwa ekari 2,200 za hifadhi ya kijani ambazo mto unaruhusiwa kuzichukua kila unapozihitaji. Kazi hiyo iligharimu dola milioni 409. Mwaka 2009 mto ulipanda tena kupita futi 49, na 2011 vilevile. Mji haukuingia maji.

Mamlaka zetu za mitaa hazina dola milioni 409, lakini kumbukumbu ya kuamulia zinayo. Marekani ilifungua hazina yote ya Landsat bila malipo mwaka 2008, na picha za Sentinel zimekuwa bure tangu mwanzo. Mtu mwenye kompyuta na intaneti ya kawaida anaweza kufungua Copernicus Browser, akatafuta Rufiji, Kilombero, Tana au kijito kilicho nyuma ya nyumba yake, akaweka picha ya Septemba upande mmoja na ya mwishoni mwa Aprili 2024 upande wa pili. Basi nawaomba maofisa ardhi wa wilaya zote zilizopata maji mwaka ule: kabla hamjagonga muhuri kwenye ramani ya viwanja vipya, ziwekeni picha hizo mbili mezani, na mnunuzi azione kabla hajalipa.